Nunua ndege ya rimoti Eastleigh, lakini usiirushie huko

Neno wanalolitumia vijana ni "jam". Ndege ya rimoti ikiwa juu ikaacha kutii, ikajipindua na kuja chini kama embe bovu, mwenyewe huokota vipande vyake na kusema, "Imepigwa jam, fundi." Nimelisikia neno hilo Likoni na Mtwapa, na juzi nimelisikia tena kwa kijana wa Kisauni aliyeniletea ndege iliyovunjika bawa. Ilinunuliwa Eastleigh, Nairobi, na ikaangukia huko huko Eastleigh.

Sina ugomvi na neno lenyewe. Ugomvi wangu ni kwamba likishatamkwa, uchunguzi huishia hapo. Jam inakuwa kama jini: haionekani na wala haihitaji kuelezwa. Mimi kazi yangu ni kutengeneza redio, na kwa fundi wa redio jambo hili si la kiajabu. Ndege kupoteza mawasiliano na rimoti yake kuna sababu zinazojulikana, zinapimika, na nyingi zinaweza kuzuiwa kabla ndege haijaondoka ardhini. Na kwa mtu wa Pwani aliyekwenda kununua vitu Eastleigh, sababu kubwa kuliko zote huwa ni Eastleigh yenyewe.

Kisa cha kijana huyu ni hiki. Alikwenda Nairobi kuchukua mzigo wa nguo, akabakiwa na pesa kidogo, akanunua ndege ya povu yenye mabawa ya zaidi ya mita moja, pamoja na rimoti yake. Muuzaji alimwonyesha pale pale dukani: ukisukuma kijiti hiki mkia unacheza, ukisukuma kile mota inanguruma. Jioni akapanda nayo juu ya paa la ghorofa anakokaa ami yake, akaijaribu tena, ikafanya kazi. Akairusha. Ilikwenda vizuri kwa dakika moja hivi. Ilipovuka barabara ya pili na kupanda juu zaidi ikaanza kutetemeka, ikasikia, ikaacha kusikia, ikasikia tena, mwisho ikageuka kichwa chini. Iliangukia paa la jengo jingine, hatua mbili kutoka kwa mama aliyekuwa akianua nguo.

Hatua mbili tu. Ndege ile ina uzito wa kilo moja na kitu, na propela ya mbele huzunguka maelfu ya mara kwa dakika. Ami mtu alishinda usiku kucha akiomba radhi kwa watu asiowajua. Kijana naye amekuja kwangu akitaka nithibitishe kwamba muuzaji amempa kitu kibovu, apate kurudishiwa pesa zake. Nilikifungua, nikakipima, nikakitembeza ufukweni asubuhi hatua mia tatu kutoka kwenye rimoti. Kilisikia kila amri. Yule muuzaji wa watu hana kosa.

Basi nini kilitokea? Tuanze na jinsi ndege hizi zinavyosikia.

Rimoti unayoishika ni transmita: inatoa mawimbi ya redio. Ndani ya ndege mna risiva, kijisanduku chepesi chenye nyuzi za antena, ambacho hupokea mawimbi hayo na kuziamrisha mota ndogo ziitwazo sevo, zile zinazovuta mkia na mabawa. Wazo hili ni la zamani kuliko ndege zenyewe. Nikola Tesla aliwaonyesha watu wa New York mashua ndogo inayoongozwa kwa redio mwaka 1898, miaka mitano kabla ya ndege ya ndugu wawili Wright kuruka.

Wengi wanadhani risiva inahitaji mawimbi yenye nguvu. Sivyo hasa. Inahitaji mawimbi yanayozidi kelele zilizoko hapo ilipo. Mtu akikunong'oneza msikitini baada ya Isha utamsikia. Akupigie ukelele sokoni Kongowea alfajiri, malori ya viazi yanaposhusha, huenda usisikie kitu. Sauti ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza, lakini imezama. Na mawimbi ya redio hupungua haraka kadiri unavyokwenda mbali: umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu inayofika inabaki robo, umbali ukiongezeka mara kumi, inabaki sehemu moja ya mia. Ndege iliyokuwa mita 20 kutoka kwako, ikifika mita 200, inapokea sehemu moja ya mia ya ilichokuwa ikipokea. Kelele za majirani hazipungui nayo.

Zamani kelele iliyoogopwa ilikuwa moja tu, ya mtu mwingine kutumia chaneli yako. Wazazi waliowahi kuwapeleka watoto Makadara siku ya Idi na magari ya rimoti wanaijua. Watoto wawili wamenunuliwa magari ya aina moja, mmoja anabonyeza rimoti yake, magari yote mawili yanakimbia. Mengi ya magari yale yalitumia masafa ya megahezi 27, na rimoti haikuwa na namna ya kusema "mimi ndiye mwenyewe". Gari likikimbia ovyo ni kicheko. Ndege ikifanya hivyo ni balaa. Kwa hiyo nchi zilizokuwa na mchezo huu kwa wingi zilitenga masafa maalumu: Uingereza ikawapa warushaji ndege megahezi 35, Marekani ikawapa megahezi 72, zikigawanywa chaneli 50. Chaneli ilichaguliwa kwa kubadilisha kipande kidogo kinachoitwa kristali. Vilabu vilikuwa na ubao wa vibanio uwanjani: huna kibanio cha chaneli yako mkononi, huruhusiwi kuwasha rimoti hata kwa utani, maana kuwasha tu kunatosha kuangusha ndege ya mwenzako.

Nalitaja hili kwa sababu rimoti za zama hizo bado zinaingia nchini pamoja na vitu vya mitumba, na bei yake inavutia. Ukiona rimoti yenye antena ndefu ya chuma ya kuvuta, kama ya redio ya babu, ndiyo hiyo. Iache, au inunue kwa ajili ya mashua. Megahezi 72 zimetengewa ndege za kuchezea Marekani, na kutengwa huko hakusafiri ndani ya kontena. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, limeigawa dunia kanda tatu. Sisi Afrika tumo kanda ya kwanza pamoja na Ulaya na nchi za Kiarabu, nayo Marekani imo kanda ya pili. Kile ambacho kule ni cha warushaji ndege peke yao, hapa kinaweza kuwa cha mtu mwingine kabisa mwenye haki yake. Chombo kilichotengenezewa Ohio hakijui kwamba kimefika Eastleigh.

Rimoti ya kijana wangu si ya aina hiyo. Ni ya kisasa, ya gigahezi 2.4, kama karibu zote zinazouzwa leo. Hapa ndipo wauzaji husema, "Hii haiingiliwi, ndugu yangu, hii ni digitali." Hawasemi uongo, ila wamesema nusu.

Nusu ya kweli ni hii. Rimoti ya 2.4 na risiva yake hufungwa pamoja mara ya kwanza unapozitumia. Risiva huhifadhi namba ya rimoti yake na haimsikilizi mwingine. Tena, nyingi kati yao hazikai chaneli moja. Zinarukaruka kutoka sehemu moja ya masafa hadi nyingine mara nyingi kwa sekunde, kwa mpangilio ambao zenyewe tu zinaujua. Sehemu moja ikiwa na kelele, ujumbe unapita sehemu inayofuata. Fikra hiyo ilisajiliwa Marekani Agosti 1942, wakati wa vita, na watu wawili usiowatarajia: mwigizaji wa filamu Hedy Lamarr na mtunzi wa muziki George Antheil. Walitaka kuongoza makombora ya majini bila adui kuyavuruga, wakapendekeza masafa 88 yanayobadilishwa kwa karatasi yenye matundu, kama ile ya piano zinazojipiga zenyewe. Jeshi halikuitumia wakati ule. Leo Bluetooth ya simu yako inarukaruka, na rimoti ya ndege vilevile.

Kwa hiyo vijana kumi wanaweza kurusha ndege kumi uwanja mmoja bila kristali wala vibanio. Haya ni maendeleo makubwa, siyabezi.

Nusu iliyobaki ni kwamba masafa haya ya 2.4 hayana mwenyewe. Yanaanzia megahezi 2,400 hadi 2,483.5, na mtu yeyote anaruhusiwa kuyatumia kwa nguvu ndogo bila leseni. Ndiyo maana waifai imo humo, Bluetooth imo humo, kamera nyingi za ulinzi zisizo na waya zimo humo, na oveni ya maikrowevu ya jikoni hufanya kazi karibu na 2,450, ikivujisha kelele kidogo kila inapopasha chakula. Kisanduku kimoja cha waifai huchukua upana wa megahezi 20 hivi. Piga hesabu: vitatu tu vinatosha kuenea eneo zima bila kukanyagana. Kurukaruka kunasaidia pale penye nafasi ya kurukia. Ukikimbia kutoka kibaraza kilichojaa watu kwenda kibaraza kingine, na cha tatu, na cha nne, na vyote vimejaa, kukimbia kwako hakukupi pa kukaa.

Sasa tazama Eastleigh. Mtaa ule una maghorofa yaliyobanana mpaka jua la saa sita tu ndilo linalofika chini. Kuna maduka makubwa ya orofa nyingi, na kila duka, mengine madogo kama kabati, lina waifai yake kwa ajili ya simu, kamera na mashine ya malipo. Juu yake nyumba za kulala wageni, zina zao. Juu yake familia, zina zao. Nilimwomba kijana ampigie ami yake, apande paani na simu aangalie orodha ya waifai. Alihesabu mpaka akachoka.

Lakini mbona pale paani ndege ilisikia? Hili ndilo swali lenyewe, na jibu lake ndilo lililonifanya niandike.

Mawimbi ya 2.4 hayapendi ukuta wa zege. Waifai ya orofa ya tatu ya jirani hupita kuta mbili tatu ikawa hoi. Ukiwa dukani, au hata paani kando ya rimoti yako, kuta na sakafu zinakukinga na sehemu kubwa ya kelele, na rimoti yako ipo hatua moja kutoka kwa risiva. Unashinda kwa mbali. Sasa irushe ndege. Inapanda juu ya mapaa yote, haina tena ukuta wa kuikinga. Kutoka pale juu, antena yake inatazama madirisha na mapaa ya Section One hadi Section Three, Pangani huku, Mathare kule, yote kwa wakati mmoja. Kila kisanduku kinachoweza kuionea kinaongeza kelele yake. Wakati huohuo rimoti yako imebaki moja, ileile, na inazidi kuwa mbali. Kelele zinapanda, sauti yako inashuka, mpaka mahali fulani zinakutana. Kwa kijana wetu zilikutana juu ya barabara ya pili.

Ndiyo maana jaribio la dukani halithibitishi chochote kuhusu angani, na ndiyo maana ndege iliyoanguka Eastleigh ilisikia vizuri ufukweni kwetu asubuhi, hakuna kitu ila mchanga na wavuvi. Anayesikia kelele ni risiva kule juu. Wewe chini unasikia ukimya ukadhani pote ni kimya.

Yako mambo mengine yaliyosaidia kuiangusha. Maji hunyonya mawimbi haya, na paa la ghorofa la Nairobi limejaa matangi ya maji. Ndege ikipita nyuma ya tangi la lita elfu tano, ni kama imepita nyuma ya ukuta. Mwili wako nao ni maji kwa sehemu kubwa: ukigeuka ndege ikawa mgongoni pako, umejiweka katikati yake na rimoti. Mabati yanarudisha mawimbi, na yale yaliyorudi yakikutana na yale yaliyokwenda moja kwa moja yanaweza kufutana kwa kitambo kidogo. Halafu kuna kosa ambalo nimeliona kwa karibu kila anayeanza, la kuielekezea ndege ncha ya antena ya rimoti kana kwamba ni bunduki. Antena ya namna hii hutoa mawimbi mengi ubavuni na machache sana nchani. Ilaze au isimamishe, lakini usiielekeze kwa ndege. Ndani ya ndege pia, risiva ikiwa na nyuzi mbili za antena, zipangwe kama herufi L, mbali na betri, mota na waya nene, ili moja ikifichika nyingine ione.

Ilivyoanguka ndege yenyewe inakueleza mengi, ukiuliza vizuri. Kijana aliposema ilikuwa inasikia, inaacha, inasikia tena, nilijua mapema kwamba ni kelele au kivuli. Angeniambia ilikufa yote ghafla kwa sekunde mbili tatu, mota kimya na sevo zimeganda, kisha ikafufuka, ningemuuliza habari za umeme.

Kwa kuwa ule ugonjwa wa pili, nao huitwa jam, ila si jam hata kidogo. Mwaka jana jamaa mmoja wa Likoni aliangusha ndege tatu mfululizo, akahama uwanja mara mbili kukimbia mnara wa simu. Nilipofungua ndege ya tatu nilikuta sevo sita za bei rahisi zimeunganishwa kwenye kidhibiti cha mota kinachotoa volti 5 na ampea 2 tu. Sevo ikisukumana na upepo huweza kula karibu ampea moja peke yake. Akivuta vijiti vyote kwa pamoja, kama mtu anavyofanya akiwa na hofu, umeme unashuka, risiva inazimika kama simu yenye betri mbovu, halafu inawaka upya. Sekunde hizo ndege haina rubani. Baadhi ya risiva hufanya hivyo volti zikishuka karibu na 3.5. Mita ya mia chache za shilingi ingemwonyesha hilo mezani: ungeshikilia mkia kwa kidole, ukachezesha vijiti vyote, ukatazama namba. Mnara wa simu wa watu ulilaumiwa bure. Kwa kijana wa Kisauni nilifanya kipimo hichohicho, umeme wake ukasimama imara, ndipo nikaridhika kwamba shida yake ilikuwa hewani.

Minara ya simu nayo ina kesi yake, lakini kesi hiyo inamhusu mnunuzi zaidi. Siku hizi zinauzwa rimoti za masafa marefu zinazotumia eneo la megahezi 900. Zile za Marekani hufanya kazi kati ya 902 na 928, kwa sababu huko eneo hilo ni la wote. Kwetu, kama Ulaya, simu za mkononi za mtandao wa 900 huongea na mnara kati ya 880 na 915, na mnara hujibu kati ya 925 na 960. Sasa weka moja juu ya nyingine. Rimoti ya Marekani inakanyaga njia ambayo simu za majirani zako zinaitumia kuongea, na risiva yake inakaa mdomoni pa mnara. Hapo wewe ndiye unayewapiga watu jam, na Mamlaka ya Mawasiliano, CA, ina vyombo vya kumtafuta anayefanya hivyo. Kama lazima ununue cha aina hii, uliza toleo la Ulaya, la 868, na uulize kama chombo hicho kimeidhinishwa hapa nchini. Muuzaji akikujibu kwamba vyote ni sawa, funga mkoba.

Na walio na kamera ya video juu ya ndege: ile ya 5.8 haigombani na rimoti ya 2.4. Ile ya 1.2 inagombana, kwa sababu transmita yoyote hutoa pia mwangwi kwenye masafa mara mbili ya yake, na mara mbili ya 1.2 mnaijua.

Nimezungumza kama fundi. Sasa jambo ambalo vijana hawapendi kulisikia. Hata kama Eastleigh isingekuwa na waifai hata moja, pale si mahali pa kurusha kitu. Ukingoni mwa mtaa ule kuna Moi Air Base, kambi ya Jeshi la Wanahewa. Uwanja ule ndio uliokuwa uwanja wa ndege za abiria wa Nairobi, pamoja na ndege za kijeshi za Waingereza, hadi Embakasi ilipofunguliwa mwaka 1958. Ndege halisi zinaruka na kutua hapo mpaka leo, zikipita chini juu ya mapaa. Askari akiona kitu kinazunguka karibu na ukuta wa kambi hatangoja kuuliza kama ni povu.

Sheria pia ipo. Kanuni za vyombo vya angani visivyo na rubani zilitoka mwaka 2020, nazo zinasimamiwa na KCAA, mamlaka ya safari za ndege. Zinataka idhini ya kuingiza chombo nchini na kukisajili, zinaweka kikomo cha futi 400, na umbali wa kukaa na viwanja vya ndege unahesabiwa kwa kilomita. Kabla hujalipa, piga simu KCAA uwatajie uzito wa chombo na kazi utakayokifanyia, wakwambie kinahitaji nini. Usimuulize muuzaji. Yeye anauza, na akishauza kazi yake imekwisha.

Sisi wa Pwani tusicheke watu wa Nairobi. Mombasa tuna Moi International upande wa Port Reitz, tuna jeshi la majini Mtongwe, Ukunda kuna uwanja wa ndege, Malindi upo. Ufukwe wa Bamburi jioni ya Jumapili una watoto wengi kuliko kokoto, na mahoteli yana waifai zinazofika majini.

Basi, ukishapata mahali panapofaa, kabla ya kurusha fanya hivi. Rimoti nyingi zina hali ya kujaribia masafa, inayopunguza nguvu kwa makusudi. Iweke humo, mwenzako ashike ndege juu ya kichwa, mota ikizunguka kwa nguvu, wewe tembea nyuma hatua thelathini au zile zilizoandikwa kwenye kitabu chake. Geuka, chuchumaa, mpe mgongo. Sevo ikitetemeka bila kuamriwa, siku hiyo hurushi. Usifanye jaribio hili mota ikiwa imezimwa, maana mota na kidhibiti chake ndivyo vinavyopiga kelele karibu zaidi na risiva kuliko kitu chochote mtaani.

Halafu jaribu mpangilio wa dharura, yaani ndege ifanye nini ikipoteza rimoti. Nyingi zikitoka dukani hubaki na amri ya mwisho iliyosikika. Kama ulikuwa umefungua mota yote, itaendelea kukimbia na mota yote wazi kuelekea kwa watu. Ipange mota izimike na mkia uinuke kidogo, ndege ishuke kwa kuzunguka polepole. Kuhakikisha, ifunge ndege chini, fungua mota robo, kisha zima rimoti. Mota isipokaa kimya ndani ya sekunde moja mbili, rudi mezani. Ndege ya kijana wa Kisauni haikuwa imepangwa, na mota yake ilikuwa bado inanguruma ilipofika pale kwenye kamba ya nguo.

La mwisho ni la serikali za kaunti. Vijana hawa hawarushi juu ya mapaa kwa kupenda. Wanarusha pale walipo. Kilifi ina mashamba makubwa ya mkonge, Kwale ina nyanda zisizo na nyumba, na mwenye ardhi akikubali, KCAA ikaidhinisha, kinachohitajika ni eneo la mita mia tatu kwa mia tatu lisilo na nyaya za umeme juu yake, mbali na viwanja vya ndege, na mtu mzima mmoja wa kusimamia Jumamosi asubuhi kabla upepo wa kusi haujaamka. Mombasa ina wabunge wa kaunti wanaotafuta miradi ya vijana kila bajeti. Mmoja wao alichukue hili, nami rimoti za watakaokuja nitazipima bila malipo.